Siku Bomba Liliponuna Guangzhou

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama redio iko mbali isogezeni kidogo, maana sauti yangu mnaijua, haifiki jikoni.

Leo tunamkumbuka Medard Kamugisha. Mhandisi Medard Kamugisha, mtoto wa Bukoba, aliyezikwa Jumamosi iliyopita pembeni ya kaburi la mama yake. Wengi mlimjua kama mwalimu wa chuo cha ufundi Mwanza. Yule mrefu, mpole, aliyekuwa hapiti karibu na bomba la maji bila kuligonga kwa pete yake ya ndoa. Ko, ko, ko. Kisha anainamisha kichwa kusikiliza, kama mtu anayebisha hodi.

Baadhi yenu mmepiga simu mkiuliza: kwa nini pale msibani watu walikuwa wakicheka? Jeneza linashuka, na dada yake anacheka huku machozi yanamtiririka. Je, ndivyo ndugu anavyozikwa?

Nilikwenda kumuuliza dada mwenyewe. Anaitwa Agripina, anauza nguo Mwanza. Alinikaribisha, akanimiminia chai, akasema, "Waambie wasikilizaji wako yote. Kaka yangu aliokoa mtu kwa kukosea Kichina. Nitaachaje kucheka?"

Basi sikilizeni.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Medard alipata ufadhili wa kwenda kusoma Guangzhou, China. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu alikuwa na ndugu Guangzhou. Wafanyabiashara wetu wamejaa mtaa wa Xiaobei, makontena yanaondoka kila wiki, na majengo yanaota usiku na mchana. Wenzake walikwenda kununua bidhaa. Medard alikwenda kusomea hewa.

Ndiyo, hewa. Hewa iliyonaswa ndani ya mabomba ya maji ya dharura, kwenye mitambo ya umeme wa nyuklia.

Nilimwomba Agripina anieleze kama kaka yake alivyomweleza yeye. Nami nawaeleza ninyi. Mtambo wa nyuklia, hata ukizimwa, joto linabaki. Ni kama jiko la mkaa. Unaacha kupepea, lakini mkaa bado unaunguza. Kwa hiyo kuna maji ya kupoozea wakati wa dharura. Yana pampu zake na mabomba yake. Mabomba hayo hukaa kimya miezi na miezi, yakisubiri siku ambayo kila mtu anaomba isifike. Lakini ikifika, maji lazima yaende papo hapo.

Sasa adui ni hewa. Hewa na gesi nyingine hujitenga na maji polepole, zikapanda, zikajikusanya pale bomba lilipoinuka. Pampu ikiwashwa ikavuta hewa, inazunguka bure. Au maji yanakimbilia ile nafasi tupu na kulipiga bomba kama nyundo, bomba likapasuka.

Wenye malori ya dizeli mmeshanielewa. Gari limeishiwa mafuta, unajaza tangi, na bado haliwaki. Mpaka ulegeze nati, utoe upepo. Kazi ya Medard ilikuwa hiyo hiyo, kutoa upepo. Tofauti ni kwamba lori likigoma, utalala barabarani tu.

Chuoni kwao hapakuwa na mtambo wa nyuklia wenyewe. Palikuwa na karakana kubwa yenye mfano wake: tangi, pampu, na mabomba yaliyozunguka kuta kama mizizi. Kipande kimoja cha bomba kilikuwa cha plastiki angavu, ili wanafunzi waone maji yakipita. Profesa aliitwa Liang. Na msimamizi wa mitambo alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya buluu, ambaye wote walimwita Pan Shifu. Shifu maana yake ni fundi, kwa heshima, kama sisi tunavyosema fundi mkuu.

Siku moja Profesa Liang alimsimamisha Medard mbele ya darasa. Akamuuliza, unaona nini kwenye bomba? Medard aliona mapovu ya hewa. Kwa Kichina, hewa ni chi. Na alikuwa amejifunza kwamba sheng ni kuzaa, kama mama anavyozaa mtoto. Akaunganisha mwenyewe. Akasema kwa sauti ya kujiamini: "Guanzi shengchi le." Akidhani amesema: bomba limezaa hewa.

Wasikilizaji wapendwa, darasa lilianguka kwa kicheko. Shengchi kwa Kichina ni kukasirika. Medard alikuwa amemwambia profesa kwamba bomba limenuna.

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta. Profesa mwenyewe alivua miwani kujifuta machozi. Pan Shifu naye alicheka, akalipapasa bomba kama anambembeleza mtoto.

Hawakuwa na ubaya. Lakini Medard alikuwa mtu wa haya. Tangu siku ile alifunga mdomo. Alisoma, aliandika, alifaulu. Kusema mbele za watu hapana. Akiwa na swali, anamsubiri Pan Shifu peke yake na kumwonyesha kwa kidole.

Kosa lile lilivuka ukuta wa chuo. Likafika Tianxiu Dasha, lile jengo refu la Xiaobei ambako wafanyabiashara wetu wana ofisi zao. Humo alikuwamo Bi Hasna wa Unguja, msafirishaji mizigo, aliyekuwa akipika pilau kila Ijumaa kwa mwanafunzi yeyote aliyebisha mlango. Mumewe, Maulid, alikuwa na ulimi.

"Injinia!" anamwita kutoka kwenye lifti. "Vipi leo, bomba limenuna au limecheka?"

"Muache mtoto wa watu ale," Bi Hasna anasema.

"Namuuliza tu, mke wangu. Maana wewe umenuna toka asubuhi na mie sijui nikutoe wapi hewa."

Watu wote wanacheka. Medard anatabasamu, anakula, anaondoka mapema.

Nilimpigia simu Bi Hasna. Siku hizi yuko nyumbani, Unguja. Aliniambia hivi: "Mwanangu, Kichina cha Medard kilikuwa safi kuliko chetu sote. Sisi tulikuwa na laoban na meyo, bosi na hapana, basi, na tumejenga nyumba. Yeye alikuwa nacho chote na hakitoki. Kimekwama hapa." Nilisikia akijigonga kifuani.

Mwaka elfu mbili na saba, Medard akiwa bado masomoni, Agripina alikwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kununua nguo za duka lake. Alifikia kwa Bi Hasna. Asubuhi Medard akamsindikiza Shahe, soko la nguo za jumla. Agripina alitarajia kaka msomi atamsemea. Medard alisimama nyuma yake akiwa amebeba mfuko, kimya kama nguzo.

Agripina alikuwa na maneno manne ya Kichina, aliyofundishwa na Maulid wakati wa chai, na moja lilikuwa tusi bila yeye kujua. Aliyasema yote. Kwa sauti. Muuza suruali akacheka, akawaita majirani waje kusikia. Agripina akarudia. Wakacheka tena. Kisha wakamshushia bei.

Njiani Medard alimuuliza, "Hukuona aibu?"

"Aibu ya nini, kaka? Wamecheka, wamenipa. Wewe hawajacheka. Na umepata nini?"

Agripina anasema Medard alitembea mpaka kituo cha basi akiuhamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda ule.

Siku iliyofuata palikuwa na maonyesho chuoni, kwenye ile karakana. Wageni walialikwa kutoka vyuo vingine na kutoka kwenye mitambo ya umeme. Profesa Liang angewaonyesha jinsi maji ya dharura yanavyoanza kutiririka mara tu pampu ikiwashwa. Agripina naye alikaribishwa. Alikaa nyuma kabisa, amevaa kitenge, hajui neno.

Wiki ile mabomba yalikuwa yamemwagwa maji ili sili ya pampu, ile inayozuia maji kuvuja, ibadilishwe. Pia kishikizo kimoja cha kushikilia bomba, chenye kutu, kilitolewa, kikafungwa kipya. Kisha maji yakajazwa upya. Pan Shifu akafungua vali ya kutolea hewa, pale bomba lilipoinuka. Hewa ikatoka, yakaja maji. Akafunga. Kazi ilifanywa kama inavyotakiwa.

Lakini kishikizo kipya kilikuwa kirefu kidogo. Kililiinua bomba pale katikati, kiasi ambacho macho hayaoni. Pa juu hapakuwa tena kwenye vali. Pa juu pamehama. Na hewa, ninyi wenyewe mnajua, huenda pa juu.

Profesa alikuwa akihutubia. Medard alikuwa amesimama chini ya bomba lile, na kwa mazoea tu akaligonga kwa ufunguo wa chumba chake. Bomba lililojaa maji husema ko, sauti nzito. Hili lilisema tang. Akasogea, akagonga tena. Tang.

Akatazama mbele. Pan Shifu alikuwa ameshika swichi ya pampu. Alikuwa amesimama ubavuni ili wageni waone vizuri, na uso wake ulikuwa karibu kabisa na kile kipande cha plastiki angavu. Maji yakija kwa nguvu na kupiga pale, plastiki ingemrukia usoni.

Wasikilizaji wapendwa, neno sahihi lilikuwapo. Ni paichi, yaani kutoa hewa. Medard alimwambia dada yake baadaye: "Nilikuwa nalijua kama jina langu, Agripina. Likakataa kuja. Mbele yangu naona migongo ya wageni, na profesa ananyanyua mkono kumpa ishara Pan Shifu. Nikakukumbuka wewe na suruali zako."

Basi likaja lile lililokuwapo karibu. Medard akapiga kelele, karakana nzima ikasikia:

"Shifu! Guanzi shengchi le!"

Fundi! Bomba limenuna!

Wageni wakageuka. Mmoja akacheka, kisha safu nzima. Profesa Liang akawa mwekundu mpaka masikioni.

Pan Shifu hakucheka. Kwa wageni lilikuwa kosa la mgeni asiyejua lugha. Kwake yeye lilikuwa na maana moja tu, na alikuwa ameisikia kutoka kwa kijana huyu huyu: hewa ndani ya bomba. Akatoa mkono kwenye swichi. Alitoa mkono kwanza, nasema tena, kabla ya kuuliza lolote.

Kisha akaja, akagonga mwenyewe. Tang. Akamtazama Medard. Akamwomba profesa subira kwa heshima zote.

Pale palipoinuka hapakuwa na vali, palikuwa na geji tu, ya kupimia presha. Pan Shifu akapanda ngazi na kulegeza kiungo chake kwa spana. Agripina aliniigizia sauti aliyoisikia kule nyuma. Fyuuuuu. Ndefu, ndefu, mpaka wageni wakaacha kucheka mmoja mmoja. Wale wa mitambo ya umeme ndio walionyamaza mapema zaidi. Walijua wanachokisikia. Hatimaye geji ikatema maji, yakamlowesha Pan Shifu kofia.

Akakaza. Akashuka. Medard akagonga. Ko.

"Bu shengchi le," Medard akasema. Limeacha kununa.

Hapo ndipo Pan Shifu alipocheka, maji yakimdondoka kwenye kidevu. Profesa akacheka. Wageni wakacheka upya, na safari hii Medard alicheka nao. Pampu ikawashwa, maji yakapita kwenye plastiki angavu, laini, kimya, bila hata povu moja. Agripina anasema alijikuta amekalia mikono yake yote miwili. Akaitoa. Ilikuwa imekufa ganzi.

Baada ya siku ile karakana ilibadili utaratibu. Kila bomba likiguswa, hata kishikizo tu, linapimwa upya kwa pima maji, na linasikilizwa kwa kifaa kabla ya kuwashwa. Vali ya pili iliwekwa pale palipoinuka. Wanafunzi waliandika pembeni yake kwa chaki neno moja, shengchi. Na kule Tianxiu, Maulid alimpokea Medard mlangoni kwa mikono yote miwili. Akasema, "Leo nimenuna mie, maana utani wangu umekuwa elimu."

Medard alirudi nyumbani, akaoa, akafundisha. Wanafunzi wake wanasema kabla ya kuwasha pampu yoyote alikuwa akiuliza, "Nani hajasema kitu leo?" Kisha anamsubiri huyo aseme. Hata kama anasema ovyo.

Mwaka wake wa mwisho figo zilimshinda. Alikuwa akienda kusafishwa damu hospitalini. Mashine ile nayo ina mpira mwembamba, na hewa ikiingia inapiga kelele na kusimama yenyewe. Siku moja ikapiga kelele. Agripina alishtuka, akasimama. Muuguzi akagonga mpira kwa kidole, povu likapanda, likatoka. Mashine ikaendelea. Agripina alipomtazama kaka yake, alikuwa anacheka bila sauti.

"Hii imesomeshwa vizuri," akasema. "Inasema yenyewe."

Alifariki wiki mbili zilizopita, usingizini, bila maumivu. Siku ya maziko Agripina alipokea ujumbe wa sauti kutoka Guangzhou. Ulikuwa wa Pan Shifu, mzee sana sasa, na uso wake mzima. Akausikiliza jeneza likishuka. Ulikuwa wa maneno machache, yale yale ya karakanani: "Medard, bu shengchi le." Hakuna kununa tena. Ndiyo maana alicheka, na waliokijua kisa wakacheka naye, wasikilizaji wapendwa. Sasa mnajua.

Tunatoa pole kwa mjane, kwa watoto, kwa dada Agripina, na kwa wanafunzi wote wa Mwalimu Medard Kamugisha. Mungu ampumzishe.

Nasi tuliobaki tujitazame. Nyumbani kwako, au kazini kwako, yupo mtu aliyewahi kusema neno kombo mkamcheka. Tangu siku hiyo hasemi. Leo mwulizeni anaona nini. Akikosea tena, chekeni.

Lakini toeni mkono kwenye swichi kwanza.