Glasi Ndefu ya Breki

Benchi lile liko mbele ya duka la kutengeneza saa, na wenyeji wake ni watatu. Fundi Saa ndiye mwenye duka. Breki ni dereva mstaafu. Profesa, kwa usahihi, alikuwa mtunza maktaba wa chuo cha ualimu. Asubuhi hiyo Fundi Saa alikuwa na karatasi ya shule mfukoni. Mjukuu wake, mwenye miaka sita kasoro, alionyeshwa maji yakimiminwa kutoka bakuli pana kuingia chupa nyembamba, akasema yameongezeka. Kwa hiyo shule ilitaka arudie chekechea, na babu atie saini kabla ya saa nne.

— Mnamdekeza, alisema Breki. Akikosa, mkaripie. Akipata, pipi. Wiki moja tu, kanyooka!

— Mtoto si punda, ndugu yangu, alisema Profesa. Akili hupanda ngazi. Kila umri na ngazi yake.

— Wangu yuko ya ngapi? aliuliza Fundi Saa.

— Ya pili. Hutoka akikaribia miaka saba.

— Ngazi, ngazi! alisema Breki. Mtoto huiga, bwana. Mimi gia nilijifunza tumboni. Mama alikuwa hashuki kwenye basi.

— Wengine wanasema hujifunza akishikwa mkono na aliyemzidi kidogo.

— Basi alazwe chini ya meza ya mwalimu mkuu!

Fundi Saa hakucheka.

— Jamani, nitie saini nisitie?

— Tia, walisema wote wawili. Kitu kiko wazi vile, yeye hakioni?

Muuza kahawa akafika. Yeye hupima kwa kopo moja, miaka yote, mbele ya macho yao. Kikombe kimoja kilikuwa kimevunjika, akammiminia Breki kwenye glasi ndefu, nyembamba.

— Ee bwana, mbona yeye umemjazia? aliuliza Profesa.

— Kopo ni lilelile, mzee.

— Nina macho, mwanangu!

— Basi badilishaneni.

Breki akaifunika glasi kwa kiganja.

— Nitoe nyingi nipokee kidogo? Mimi mjinga?

Fundi Saa aliwatazama, mmoja ana mvi, mwingine hana hata unywele. Saa zote dukani zilionyesha saa nne kasorobo. Akainuka, akafunga mlango.

— Profesa, hiyo ngazi ya pili ulisema mtu hutoka na miaka mingapi?

Wale wawili walikuwa wakigombea glasi. Akaikunja karatasi bila saini, akashika njia ya shule.