Mzee Vasant Premji na Sarafu za Wanyama Kumi

Ninyi mliofunga maduka asubuhi hii mje kuomboleza nasi, sikilizeni safari ya mzee wetu Vasant Premji.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1931 hapa Mchafukoge, akasoma hadi darasa la nane, mwaka 1947 akaanza usonara chini ya baba yake, akawa mtu wa maneno machache, na tarehe 12 Februari 1958 akamwoa Bibi Ranjanben, wakajaliwa watoto wawili, Nirali na Chintan.

Serikali ilipofungua biashara ya nje mwaka 1984, rafiki yake Bwana Sadalla, aliyekuwa akifuata vitambaa Hong Kong, alimletea sarafu ya fedha safi yenye picha ya panya, akamweleza kwamba Wachina huupa kila mwaka mnyama wake, nao wako kumi na wawili, ndipo marehemu akatamani kuwakamilisha, akapata mmoja kila mwaka, ng'ombe, simbamarara, sungura, mpaka jogoo wa 1993, na kila jioni akiwafuta kwa kitambaa, yeye ambaye hakuwahi kujitengenezea hata pete.

Novemba ya mwaka huo watu wawili wageni walikuja dukani kuziulizia, naye jioni nyumbani akamwagiza Chintan kwamba kisanduku kile kisimtoke mkononi kwa hali yoyote. Tarehe 9, saa nane mchana, marehemu akiwa Kariakoo, watu wale walirudi, Chintan akawapa dhahabu yote ya kabatini, lakini kisanduku akakikumbatia, wakampiga chuma cha kichwa, na sarafu zote kumi zikakutwa sakafuni kando yake. Alifariki kesho yake, miezi saba tu baada ya kumwoa Komal.

Marehemu alizitupa sarafu baharini, karibu na Feri, pamoja na majivu ya mwanawe, akarudi kwenye kazi yake, ila lile agizo hakumweleza mtu.

Januari 1996 alipata kiharusi, mikono ikakataa, Komal akawa anamlisha uji kwa kijiko, na asubuhi moja, kwa ulimi mzito, akamwambia kwamba ni yeye aliyemkataza Chintan kukitoa kisanduku.

"Najua, Baba," Komal alisema. "Nilikuwa jikoni, nilisikia."

Akamuuliza kwa nini basi amebaki naye, Komal akamfuta kidevu, akachota uji mwingine.

Mzee alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 1996, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, masonara wenzake, na Bwana Sadalla, ambaye tunamwomba asijilaumu tena, na kwa Komal neno la shukrani tumelitafuta, hatujalipata.

Mzee wetu, pumzika sasa.