Picha ya Kisogo cha Dévote

Jumamosi ile, kwenye benchi la Hamissi muuza kahawa, pale mtaani Kinanira, ubishi wa mpira ulikatika ghafla. Dévote mshona nguo alikuwa amerudi kutoka hospitali. Kwa miaka miwili, kila akikohoa, kisogo kilimuuma kama kinapasuliwa, na vidole vyake vilikufa ganzi hadi akaungua na pasi bila kusikia. Sasa alisimama mbele yetu, kovu jipya shingoni, bahasha kubwa mkononi.

— Mi nilisema ni malaria ya kichwa, akaanza Sylvère, karani mstaafu tunayemwita Mheshimiwa.

— Malaria ya miaka mbili? akadakia Faridi, fundi wa magari. Ile ilikuwa sumu. Walimuwekea mu soda.

— Apana, akasema Hamissi akimimina. Jini wa mu ziwa. Anapenda kisogo. Muulize mutu yeyote wa Ruziba, kule ufukoni!

Dévote akachomoa picha nyeusi, akaiinua juani.

— Muangalie. Hii ni IRM, picha ya mashine ya sumaku. Huu ni ubongo mudogo, wa nyuma. Ulishuka, ukaingia mu tundu ya shingo, ukabanwa na mufupa. Nilizaliwa hivi.

— Ulizaliwa hivi, na koti yangu ulishona sawa? akashangaa Mheshimiwa.

— Nilishona na maumivu, papa. Docteur alipoona hii picha, alijua pa kupasua. Wakapanua ile tundu.

— Alors ni kama moteri iliyofungwa vibaya tangu usine, kule mu kiwanda! akasema Faridi.

— Ndiyo. Na mafundi wote mulikuwa munagonga tairi.

Tukacheka. Dévote akapiga funda, kahawa ikampalia, akakohoa kwa nguvu. Sote tukaganda. Zamani kikohozi kama hicho kilimpigisha magoti, kichwa mikononi. Akakohoa tena, makusudi, kisha akacheka mdomo wazi. Faridi akaruka juu akipiga makofi. Mheshimiwa akavua miwani, akajifuta macho.

Houda, aliyehamia mtaani mwezi huu tu, alikuwa akisubiri kikombe chake.

— Samahani, akauliza. Miaka hiyo yote, ni nani hapa alimwambia aende kupigwa picha?

Mheshimiwa akatazama viatu vyake. Faridi akakuna shingo. Hamissi akajifanya anatafuta sukari.

— Mi mwenyewe, akajibu Dévote. Musogee, nikae.

Tukasogea wote, akakaa katikati.