Mutoto Mwenye Nilikataza Kulia

Bandugu na bamama wa jumuiya, mutanisamehe, leo nimesimama na sitachekesha. Bon, nitajaribu. Président wetu ananipatia dakika kumi. Bibi yangu, mama ya batoto, ananipatia tano, na yee njo nitarudia naye ku nyumba.

Munanijua. Minye ni muntu wa usine, kule banayeyusha shaba. Masomo nilifikaka mwaka ya tatu ya secondaire, mwalimu akachoka mbele yangu. Kalamu hapana, lakini mudomo, ndiyo! Na ile mudomo njo ilinitia mu matata yenye nakuya kuwaeleza.

Niko na mutoto mwanamuke, wa tatu ku kuzaliwa. Anabeba jina ya mama yangu, mwenye alishakufa. Munajua vile tunafanyaka: mutoto akibeba jina ya mama yako, haumuite jina, unamuita Mama. Minye na ndevu yangu yote nilikuwa ninarudia ku kazi, ninapiga magoti: "Jambo yako, Mama." Na yee, miaka sita, ananijibu: "Jambo, mwanangu. Nawa mikono." Majirani banacheka mpaka banashika ukuta.

Ile mutoto kitovu yake ilikuwa ya kutoka inje. Hernie. Docteur wa hôpital ya kampuni akaniambia, sawa vile tuliitanaka wote ile wakati: "Citoyen, ni kazi kidogo. Unamuleta asubui, tunapasula, tunashona, magaribi anarudia kwenu." Kidogo! Kwa mwenye kushika kisu, ni kidogo.

Ile asubui ya kupasuliwa mutoto hakupashwa kula. Akaanza kulomba mukate. Juu ya kumunyamazisha, nikasema: "Mama, tunaenda Kapolowe ku mutoni, kula samaki. Usishibe mbele." Akafurahi, akavaa robe yake ya Noël. Bandugu zangu, nawaambia, nilimupitisha mulango ya hôpital na yee anaendelea kuuliza mutoni iko wapi.

Akaamuka na bandage ku tumbo. Akaniangalia. Kisha mudomo yake ikaanza kutetemeka, na minye, fundi wa maneno, nikasema: "Aa, Mama! Mama yangu haliaka. Tangu nizaliwe sikumuonaka analia. Weye si mama yangu?"

Akafunga mudomo. Machozi ikarudia ndani. Na minye nikasikia fahari! Nikaeleza cité yetu muzima: "Balimupasula, ata tone moja ya machozi hakutosha inje!" Ku kazi bananipa mukono, sawa vile ni minye nilipasuliwa.

Kidonda ikafunga. Nyuzi ikatoka. Docteur akasema yote ni muzuri. Lakini mutoto hakuwa muzuri. Mwezi moja, mwezi mbili, anatembea ameinama, mukono ku tumbo, sawa muzee wa pension. Jupe yenye kukaza kiuno anakataa. Chakula, mitonge mbili, basi. Benzake banaruka kamba, yee anabakia kuangalia. Namuuliza: "Mama, inauma?" "Hapana." Na jasho ku pua.

Halafu woga. Kila kintu cheupe ilikuwa docteur. Mwenye kuuza mikate na tablier yake nyeupe ku kifua, anamukimbia. Siku moja ya Mungu, padri anatokea na kanzu yake nyeupe, mutoto akapiga kelele, akaingia chini ya banc ya kanisa, tukamutosha kwa miguu. Kuna bamoja hapa balisema mutoto iko na pepo. Nawakumbuka. Balinikataza kutaja majina, muko na bahati.

Dada yangu naye akakuya: "Ni mama yetu, mwenye jina, njo anakasirika. Umumwangie pombe ku kaburi." Nikamuambia, pombe haitamwangika chini na minye ningali na kiu. Tukacheka. Lakini ku moyo, bandugu, niliogopa sana.

Tukamurudisha ku hôpital. Docteur anataka kushika tumbo, mutoto akamupiga teke, lunettes ikamutoka ku macho, ikaruka. Docteur akaziokota pole pole. "Citoyen, ninakupatia miezi tatu. Kama mpaka pale hatuwezi kumugusa, itapasa nimulalishe tena, nifungue, niangalie ndani." Kufungua tena!

Mu couloir, inje ya mulango ya docteur, kulikuwa infirmière moja mwenye kutunza bagonjwa, mama mukubwa, muntu wa Kasai. Akanivuta veste.

"Papa, huyu mutoto anajua kusema inauma?"

"Haiumi, mama. Minye namuuliza kila siku, anasema hapana."

"Na nani alimufundisha ile hapana?"

Nikacheka peke yangu.

Infirmière akatosha blouse yake nyeupe ya kazi, akaikunja, akanipatia nishike. Akachuchumaa. "Mwana, kama inakuuma, unafanyaka nini?"

Mutoto akaniangalia minye kwanza. Kisha akasema pole pole: "Mama ya papa haliaka."

Ile mama akainuka, akaniangalia mu macho. "Umesikia? Kidonda ya inje ilipona. Pale balishona inaweza kubakia kuuma wakati murefu, inafikaka. Lakini mutoto mwenye kuogopa anakaza tumbo siku muzima, na tumbo ya kukaza inauma zaidi. Anza na kumuambia kweli."

Ile magaribi nikaikalisha mutoto nyuma ya nyumba. Kusema kweli ni kazi ya nguvu kupita kubeba lingot ya shaba. Nikasema: "Nilikudanganya juu ya Kapolowe."

"Najua."

"Na mama yangu alikuwa analia."

Akainua kichwa. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Alilia juu ya jino. Alilia wakati papa yangu alikufa. Siku balinifukuza ku masomo, alilia, akanipiga, akalia tena. Alikuwa analia sawa bantu yote."

Akaweka mukono ku tumbo. "Basi minye inaniuma."

Na akalia. Bandugu zangu! Alianza wakati bibi yangu anaweka maji ya kusonga bukari ku moto, na bukari ikaiva, ikapoa, yee angali analia. Jirani akatuma muntu kuuliza nani amekufa. Nikasema: "Hakuna mwenye kufa, mutoto analia tu, mumuache amalize." Bibi akalia. Minye nikasema ni moshi. Na tulikuwa na réchaud, jiko ya umeme, ile umeme ya maji ya Mwadingusha. Haitoshaka moshi.

Kesho yake tukaanza kazi. Infirmière alitufundisha: mupatie mutoto bizibo tano ya bière. Kwangu, bizibo haikosekanaka. Kila asubui anaweka ku meza: kimoja, inauma kidogo, tano, inauma mubaya sana. Siku ya kwanza aliweka saba. Mbili alitosha mu mufuko yangu.

Kitambaa ya moto ku tumbo, lakini mukono yake njo ya kwanza kuishika, kisha ya mama yake, kisha yangu. Kutembea: leo mpaka ku mulango ya jirani, juma ingine mpaka ku robinet ya maji, kisha mpaka soko ya Kikula. Na kila juma tunaenda ku hôpital kusalimia. Kusalimia tu! Hakuna sindano, hakuna kugusa, jambo, tunarudia. Siku moja docteur akatosha blouse, chini yake iko na abacost, ile veste ya bila cravate, sawa ya minye. Mutoto akaniambia: "Kumbe ni muntu."

Haikuwa njia ya kunyooka. Kulikuwa juma moja bizibo ilirudia tano, siku ine yote. Nikasema imeisha, bataenda kufungua. Ni yee njo alinitia nguvu: "Papa, mbele ilikuwa tatu. Itarudia tatu."

Miezi tatu ikafika. Akapanda ku kitanda peke yake. Docteur akanyoosha mukono. "Ngoja," mutoto akasema. "Minye njo nitakuonyesha." Akashika ile mukono ya docteur, akaitembeza. "Hapa, hapana. Hapa kidogo. Hapa inauma, tosha mukono!"

Na docteur akatosha. Palepale. Muntu wa diplôme, sauti ya miaka sita imemusimamisha. Akaomba ruhusa, akarudia pole pole. Akaangalia yote, akanawa mikono, akasema: "Citoyen, hatutafungua."

Sitawadanganya, haikuisha yote. Wakati ya baridi inamushika mara moja moja. Anasema, tunamupatia kitambaa ya moto, inapita, anarudia ku kamba.

Nashukuru Mungu. Nashukuru ile infirmière, na docteur, na mwalimu mwenye aliruhusu mutoto asimame nyuma ya classe wakati kuikala ilimushinda. Nashukuru bibi yangu, mwenye alinyamaza wakati nilikuwa ninajisifu. Ata mweye benye mulisema pepo, nawashukuru, mulituletea unga.

Sasa, iko mama moja hapa, sitataja jina, mutoto wake anapasuliwa juma inakuya. Najua alimuambia banaenda kununua biatu. Mama, ukitoka hapa, muikalishe chini. Muambie: batakupasula, utalala, utaamuka, itauma, nitakuwa pale, na kulia iko na ruhusa. Kama maneno inakukosa, uniite, nitakuya na mutoto wangu. Yee anaeleza muzuri kunipita.