Unga Uliosogea Magu: Maisha ya Kokuberwa Kamugisha

Ndugu waombolezaji, shemeji yetu Kokuberwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kamachumu, Muleba, mtoto wa tatu wa Mzee Elias Kamugisha na Mama Paskazia, akamaliza shule ya msingi mwaka 1982, akasoma sekondari Bukoba na kisha chuo cha kilimo, alikohitimu mwaka 1992 akiwa bingwa wa kutambua utitiri, vile vidudu vya nafaka ambavyo kwa macho matupu utadhani ni vumbi tu.

Mwaka 1993 aliajiriwa Mwanza kukagua vyakula vya ghalani, na tarehe 10 Agosti 1996 akafunga ndoa na ndugu yetu Mashimba, wakajenga Mkolani, wakajaliwa Projest na Winnie, wanaojua fika kuwa kwao ugali hausongwi mpaka mama amimine unga kwenye sahani, aulainishe kwa kisu na kungoja, kwani unga wenye utitiri huvurugika wenyewe, na wewe mwenye njaa utajiju.

Ukoo huu hautasahau Julai 2009, waliobeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kutoka ghala la mama yetu Wilhelmina, mkwe wake, hapa hapa Magu, walipowashwa mwili mzima, mama akaitwa mchawi na kutakiwa kuhama. Kokuberwa alikuja na hadubini ya kazini, akalainisha unga wa michembe mbele ya mkutano, nao ukaanza kusogea, jambo lililokaribia kumponza mama, maana watu walipiga kelele kwamba uchawi wenyewe ndio huo, mchana kweupe. Hakubabaika. Alimwita Mzee Shigela, mshitaki mkuu, akamwinamisha kwenye hadubini, naye mzee baada ya kitambo akatangaza kwa sauti kuwa vidudu vina miguu minane na havina habari na mama wa watu. Ghala likasafishwa, miwasho ikaisha, na mama yetu yupo nasi, amekaa pale mbele, na sisi tunatembea vifua mbele.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa Mwanza, hadi alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025 alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mkolani, wafanyakazi wenzake, na Mzee Shigela, ambaye wanawe ndio waliochimba kaburi hili.

Leo asubuhi Mama Wilhelmina mwenyewe alimimina unga wa msiba kwenye sinia, akaulainisha kwa kiganja, akangoja. Shemeji, unga umetulia. Nawe pumzika kwa amani.