Shahada ya Kifaransa na Kitaliano

Mshonaji aliwategea sikio bila haya wale wawili waliokaa mbele yake kwenye basi, fundi bomba na dada mmoja. Hawakujuana, ila fundi bomba alikuwa na donge lake.

"Binti yangu ana akili za udaktari, lakini kang'ang'ania Kifaransa na Kitaliano. Kwani hizo lugha zinalipa, dada?"

"Nilisomea hizohizo, baba. Sasa niko uwanja wa ndege, nashughulikia mizigo iliyopotea. Mshahara unaingia mlangoni, unatokea dirishani."

"Si ndiyo hayo!"

Mshonaji akaguna. Kwake nako kulikuwa na msomi, analala mpaka adhuhuri.

Simu ya dada ikaita. Upande wa pili bibi kizee alikuwa analia. Dada akamjibu kwa Kitaliano, taratibu, kama anayebembeleza mtoto, mpaka kule kukasikika kicheko.

"Begi lake limepotea likiwa na picha za marehemu mumewe," akaeleza. "Kila siku ananipigia. Hii sasa hawanilipi, leo nina mapumziko."

Basi liliposimama, fundi bomba akabeba mfuko wake wa spana, akashuka ngazi moja, kisha akageuka.

"Dada, hiyo ada ya chuo hulipwa kwa mkupuo, au wanapokea kidogokidogo?"