Paka Asiyeombwa

Msusi alikuwa anasinzia kwenye basi mpaka kikapu cha mama aliyeketi kando yake kilipolia nyau.

"Nampelekea mke wa mwanangu," mama akasema, akikifunika vizuri. "Nyumba bila mnyama imepooza. Au unaonaje, ningemchukulia mbwa?"

"Kwani amekuomba?"

"Aniombe nini? Mimi si mama yake?"

Usingizi ukamruka msusi. Naye ana mama mkwe, na anamjua vilivyo. "Wanashinda nyumbani?"

"Wapi! Wote kazini kutwa nzima."

"Basi wapelekee samaki, mama. Samaki hana makuu, ukimtupia chakula asubuhi imetosha. Huyo paka nani atamlisha mchana?"

"Si mimi nipo? Nitakuwa napita."

"Utapitaje na mlango umefungwa?"

Mama akacheka kwa meno tu. "Watanipa ufunguo, mwanangu. Hawawezi kuacha kiumbe cha Mungu kife njaa."

Ehe, msusi akajisemea, kumbe safari si ya paka. "Na wasipokupa?"

"Mbona unanihoji kama polisi? Mama mkwe wako alikufanya nini?"

Basi likasimama. Mama akainuka haraka haraka, akachomoa leso ajifute jasho, na ufunguo ukadondoka miguuni pa msusi. Ulikuwa mpya, unang'aa, chenga za chuma bado zimenasa kwenye meno yake.

"Mama, ufunguo wako."

"Huo wa kabati," mama akasema, akaunyakua, akashuka na paka wake.